Aproni ya Gari la Bwana Kanti

Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho alinipitisha kwenye karakana moja hapa Mbeya, akaniambia, mama, tukae dakika ishirini tu. Tulikaa karibu saa tatu nzima. Amenunua gari, si jipya lakini linang'aa, na alitaka libandikwe plastiki mbele. Nikawaona vijana wawili wakitandaza karatasi nyembamba isiyoonekana juu ya boneti, wakiivuta mpaka kwenye bampa na pembeni mwa taa, wakiipasha moto na kuisugua polepole ili isibaki hata povu moja. Mwanangu alinieleza kwamba kokoto za malori zinamenya rangi, na rangi ya mbele ikishamenyeka gari linazeeka kabla ya siku zake. Nikamwambia najua. Akacheka, akaniuliza nimejulia wapi mambo ya rangi za magari.

Harufu ya plastiki ya moto na gundi ilinikaa kichwani mpaka tukafika nyumbani. Akaniuliza kama nimechoka. Nilikuwa nimechoka, ila si kwa kukaa kwenye benchi. Wenzangu wa umri wangu watanielewa. Kuna uchovu ambao mtu anaishi nao miaka mingi bila kuutaja, halafu kitu kidogo cha mtu mwingine kinakuja kuugusa.

Baba yangu alikuwa dereva wa Bwana Kanti, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Mbeya. Mama alishona pale pale kwenye baraza ya duka, kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na huko ndiko walikojuana. Baba alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mama Mhehe wa Ipogolo. Nyumbani kwetu Ilomba walisema Kiswahili, kwa sababu kila mmoja alidai lugha ya mwenzake inamkwama kooni. Tulikuwa na vyumba viwili na kiwanja kidogo cha mahindi. Mimi nilikuwa wa kwanza, ndiyo maana mama alimwita mumewe "Baba Tuse", kwa jina langu. Miaka mitano baadaye akaja mdogo wangu, Ambwene.

Mke wa Bwana Kanti aliugua moyo. Ikaamuliwa apelekwe India kwa ndugu zake akatibiwe huko, na Bwana Kanti akafunga duka. Alisema ni miezi sita, ikizidi sana mwaka. Nilikuwepo siku alipomkabidhi baba funguo za gari, kwa kuwa mama alikuwa amenituma nimpelekee baba chakula. Lilikuwa gari refu la stesheni wagoni, rangi ya krimu, kama maziwa yanayoanza kuganda, na hakuna gari jingine Mbeya lililokuwa na rangi ile. Bwana Kanti aliweka mkono juu ya boneti kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Ambakisye, itumie," alisema. "Beba abiria, watoto wale. Mimi nataka kitu kimoja tu. Nikirudi niikute hivi ninavyoiacha."

Baba alipokea funguo kwa mikono miwili. Akasema, "Utaikuta, Bwana."

Akawa anabeba abiria kati ya Mbeya na Iringa: walimu, manesi, akina mama wa biashara. Ni miaka ile ambayo lami ilikuwa inakuja vipande vipande. Unatembea kwenye lami laini mpaka unasahau, halafu ghafla unatumbukia kwenye kokoto. Na mbele yako daima kulikuwa na malori, yanayokwenda Zambia na yanayorudi, na kila lori lilikuwa linatema mawe kwa nyuma kwa magurudumu manane au kumi. Safari ya kwanza tu gari lilirudi na madoa matatu kwenye boneti na moja chini ya taa. Yalikuwa madogo kama punje za mtama, rangi imeruka, bati linaonekana. Siku hiyo baba hakula.

Kesho yake alitafuta kwa fundi rangi inayokaribiana na ile, akaitia kwenye kichupa cha penisilini, akawa anapiga magoti mbele ya gari na unyoya wa kuku, anachovya na kugusa, anachovya na kugusa. Ambwene, wakati huo ndiyo ameanza kusema sentensi nzima, aliniuliza baba anafanya nini. Nilimweleza kwamba gari lina ndui. Nilijua ndui kwa sababu nilikuwa na alama ya chanjo begani, na bibi mmoja wa jirani alikuwa na uso uliotobokatoboka. Nilimwambia kile kichupa ni dawa. Niliamini mwenyewe nilichokisema. Niliamini kwamba Bwana Kanti hawezi kurudi mpaka gari lipone, na kwamba kila doa jipya linamzuia huko aliko.

Baba alijaribu mengi. Alipaka sabuni nzito ikauka, ikapukutika kabla ya kufika Chimala. Alipaka grisi, vumbi likaganda juu yake kama unga kwenye mikono ya mpika chapati, akashinda kutwa akiifuta kwa mafuta ya taa. Alifunga wavu wa banda la kuku mbele ya taa. Mwisho ni mama aliyemwonea huruma. Alitoka na utepe wake wa kupimia, akalipima gari upana wa uso, urefu wa boneti, umbali wa taa na taa, akiandika kwa chaki ukutani kama anavyompima bibi harusi. Alitafuta turubai kuukuu, akaitia bitana ya blanketi la kijivu ili isikwaruze rangi, akaacha matundu mawili ya taa na dirisha dogo katikati la kupitisha hewa. Akashona kamba kumi na mbili pembeni. Akaiita aproni. Watoto wa Ilomba walisema gari limevaa nepi, wakawa wanalikimbilia kila linapopita wakiimba hivyo. Baba aliwapita akitazama barabara.

Ilikuwa kazi. Kila asubuhi aliifunga, kamba moja baada ya nyingine, ameinama mbele ya gari, viwiko vikienda na kurudi. Kila jioni aliifungua, akaikung'uta na kuifuta ndani, kwa sababu vumbi likibaki chini ya turubai linasaga rangi kuliko hata mawe. Alirudi amechoka, macho mekundu, na bado alikuwa anaanza na gari kabla ya kunawa uso. Tulizoea kula bila yeye.

Siku moja Ambwene alikokota kigari chake cha kopo la maziwa juu ya boneti. Alikuwa amepanda kwenye bampa, anafurahi, anaunguruma kwa mdomo. Baba alikuja, akamnyanyua kwa makwapa, akamweka pembeni kama mtu anayehamisha ndoo. Halafu akapiga magoti kwenye ule mstari na kuupitisha kidole muda mrefu. Ambwene alibaki amenyoosha mikono juu, akisubiri anyanyuliwe tena. Alisubiri mpaka mikono ikachoka, akaishusha. Baba hakuona. Mimi niliona, na tangu siku ile nilianza kumtazama baba kwa jicho jingine.

Mwaka ukapita na Bwana Kanti hakurudi. Kikaja kipindi cha joto kabla ya mvua, mama akapata habari kwamba mdogo wake, aliyeolewa Ruaha Mbuyuni, amejifungua. Mumewe alikuwa analima vitunguu kando ya mto. Baba alisema basi twende wote, turudi na magunia mawili ya vitunguu. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kusafiri familia nzima ndani ya lile gari. Tulilala Ipogolo kwa bibi, mama yake mama, na asubuhi tukateremka mlima wa Kitonga. Mimi na Ambwene tulibandika nyuso kwenye kioo. Bonde lilikuwa chini yetu kama limekatwa kwa panga, na barabara ilijikunja mpaka ukaona nyuma ya gari lililo mbele yako likikuangalia ubavuni. Baba aliteremka polepole, mguu kwenye breki, mbali kabisa na malori.

Chini kulikuwa na joto ambalo sisi watoto wa Mbeya hatukulijua. Tulilala nje ya chandarua, kwa sababu chandarua kilikuwa kimoja, cha mama mdogo na kichanga chake. Ambwene alifurahi wiki nzima, akikimbia kwenye matuta na kurudi ananuka vitunguu. Siku ya tisa akalala mchana, jambo ambalo hakuwa analifanya. Siku ya kumi asubuhi mwili ulikuwa moto kama sufuria, na ilipofika saa nne hivi akakakamaa mikono na miguu, macho yakageuka. Mama mdogo alimmwagia maji. Mganga wa zahanati, mtu mzima aliyekuja kwa baiskeli, alimtazama na kumchoma sindano aliyokuwa nayo, akasema wazi kwamba yeye ameishia hapo na mtoto apandishwe Iringa sasa hivi.

Gari lilikuwa limekwishafungwa aproni tangu asubuhi, kwa vile baba alikuwa anajiandaa kwenda kupakia vitunguu. Nilimwona amesimama mbele yake kidogo, funguo mkononi. Halafu akaingia. Mama alikaa nyuma na Ambwene mapajani, miguu ya Ambwene ikawa juu ya magoti yangu. Niliambiwa niishike.

Baba alikimbiza gari kuliko nilivyowahi kuona. Turubai ilikuwa inapigapiga mbele kwa upepo. Nilisikia kamba moja au mbili zimelegea, kwa sababu nilikuwa nazijua sauti zake zote. Tulipofika chini ya mlima wa Kitonga, pale barabara inapoanza kuinuka, baba akaliegesha pembeni na kushuka.

Akaenda mbele, akainama. Kutoka kiti cha nyuma niliona mgongo wake tu na viwiko vyake vikienda na kurudi, kama kila asubuhi. Alisema kitu kwa Kinyakyusa, si kwa yeyote. Alihangaika. Kisha akaja haraka kwenye dirisha la mama, akanyoosha mkono. Mama alifungua fundo la kanga yake, akatoa wembe aliokuwa anatembea nao siku zote, akampa. Baba akarudi mbele. Nilimjua mama na kazi yake. Mama hakati uzi kwa wembe ila kazi imekwisha. Nikajua kwamba baba amemaliza kukaza kamba na sasa anakata ncha.

Aliporudi kwenye usukani alikuwa analowa jasho. Tukaanza kupanda.

Juu kulikuwa na malori matatu yamefuatana, yanapanda kwa gea ya kwanza. Baba hakukaa mbali nayo. Aliyafuata karibu mpaka moshi ukaingia ndani, akawa anachungulia na kuyapita moja moja kwenye kona, na kokoto zikatupiga. Zililia kwa ukali kwenye bati, kaa, kaa, kaa, kama mahindi yanayoruka kwenye kikaango. Moja ilipiga kioo cha mbele ikaacha nyota. Mama hakuinua uso, nami niliinamia miguu niliyoishika.

Kadiri tulivyopanda hewa ilikuwa inapoa. Nilishika miguu ya Ambwene kama nilivyoambiwa. Chini kule ilikuwa inaungua, na sasa nikaona inapoa nayo. Nilifikiri ni hewa ya juu. Nilifurahi, nikamwambia mama kwa sauti ndogo kwamba amepoa. Mama hakunijibu. Alimfunika na kanga mpaka begani, akaendelea kutazama mbele, na baba aliendelea kuendesha vile vile kwa kasi mpaka Ilula, na kutoka Ilula mpaka Ipogolo, na mama hakumwambia kitu.

Ipogolo nilishushwa mlangoni kwa bibi, wao wakapanda mjini hospitali. Walirudi mapema mno. Nilipomwona bibi anavua ushungi na kukaa chini kwenye udongo, ndipo nilipojua kile nilichokuwa nimekishika.

Tulimzika Ipogolo, ingawa ndugu za baba walisema mtoto wa Rungwe huzikwa Rungwe. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana. Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nyumba ya jirani, na siku zote nne za msiba sikwenda upande ule, hata kuteka maji nilizungukia njia ya mbali. Baba alipomchukua mama wakarudi nalo Mbeya, sikutoka nje kumuaga. Mama alikuwa hawezi kitu, hata kujifunga kanga alisaidiwa, kwa hiyo ikaamuliwa mimi nibaki kwa bibi na nisome pale. Nilibaki karibu miaka miwili.

Nataka niseme ukweli juu ya miaka ile miwili, maana kila nikiikumbuka nachoka. Nilikuwa na miaka minane, kisha tisa, kisha kumi, na nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mdogo wangu alikuwa anakufa na baba alisimama njiani kulifunga gari nguo. Sikumwambia mtu. Bibi alinilea vizuri, alinipa mahindi ya kuchoma na kunifundisha kusalimia wakubwa kwa Kihehe, "kamwene", na aliniona ninanyamaza akadhani ni majonzi. Baba alikuja kunitazama mara nne au tano. Nilimwamkia shikamoo kama inavyotakiwa, nikasimama mbele yake na mikono nyuma. Aliniuliza shule, nikasema nzuri. Aliniletea peremende, nikazigawa zote kwa watoto wa jirani yeye akiwa anaangalia. Kila mara alikuja kwa basi, vumbi mpaka kwenye nyusi, na nilijisemea moyoni kwamba amelificha gari lake nyumbani lisije likachubuka.

Aliwahi kuinua mkono anishike kichwa, nikarudi nyuma hatua moja. Aliushusha. Hakukasirika. Alionekana mtu aliyetoka kubeba kitu kizito na bado hajapata pa kukiweka.

Mama alikuja kunichukua shule zilipofungwa. Alikuwa amerudi kuwa mtu, ingawa amekonda. Siku moja kabla ya safari tulikwenda kufua mtoni, Ruaha ndogo, na katika kukamua shuka akaniambia nikifika nyumbani nimwonyeshe baba yangu uso mzuri, kwa sababu anaumia. Nilijibu kwamba baba haumii, baba anapenda gari. Mama akauliza nini maana yake. Basi nikasema. Niliisema yote kwa mara ya kwanza, kwamba tulipofika Kitonga alisimama akaze aproni wakati Ambwene anakufa, na kwamba yeye mama alimpa wembe.

Mama aliacha shuka ikazama.

"Nani alikwambia alikuwa anakaza?"

"Nilimwona."

"Ulimwona mgongo," alisema. "Mgongo tu ndio uliouona."

Alikaa juu ya jiwe na miguu majini, akanieleza polepole, kama mtu anayechambua uzi uliojisokota. Ile turubai ilikuwa inaziba hewa ya rejeta. Barabara ya tambarare haikuwa na shida, lile dirisha dogo alilolishona lilitosha; na tulipokwenda tulikuwa tunateremka. Lakini kupanda Kitonga kwa kasi namna ile, na uso umefunikwa, maji yangechemka na injini ingekufa katikati ya mlima. Mshale wa joto ulikuwa umeshapanda tulipofika pale chini. Baba alisimama kuitoa. Kamba zilikuwa zimekazwa na jasho na vumbi, mafundo hayafunguki, ndipo akaomba wembe. Alizikata zote kumi na mbili, akaitupa ile aproni korongoni.

"Mimi nilishona wiki mbili," mama alisema. "Yeye aliikata nami natazama, na nilikuwa namwombea Mungu aikate upesi."

Nikakumbuka sauti ya kokoto. Safari nzima ya kwenda Mbuyuni nilikuwa nimesikia mawe yakipiga turubai yenye blanketi, yanapiga kwa uzito, du, du, kama mtu anayegonga mto. Siku ile yalilia kwenye bati tupu, na mimi niliyejivunia kuzijua sauti zote za lile gari sikusikia.

Mama akanieleza na habari za Bwana Kanti. Alirudi baada ya karibu miaka miwili, peke yake. Mkewe alifia huko. Alikuja kuuza duka tu. Fundi mmoja wa Mbeya alikuwa amejitolea kulipiga gari rangi upya mbele, isijulikane, na baba alikataa. Alilipeleka kama lilivyo. Uso wote ulikuwa umetobokatoboka, kutu imeanza, kioo kina nyota, na baba alilisafisha na kuliegesha pua ikitazama mlango wa duka, ili Bwana Kanti akitoka alione kabla ya kuona kitu kingine. Bwana Kanti alilizunguka, akauliza nini hiki. Baba alimjibu kwamba alipandisha mtoto Kitonga. Bwana Kanti alimjua Ambwene, ndiye aliyekuwa anampa vipande vya vitambaa achezee, na hakuwa amesikia. Akauliza mtoto anaendeleaje. Baba aliinamisha kichwa, ikabidi mama ajibu kutoka kwenye cherehani yake pale barazani.

Bwana Kanti alikaa kwenye ngazi ya duka lake na suruali yake nyeupe. Mama alisema walikaa wote wawili pale, yeye na baba, kama watu wanaosubiri kitu, na baadaye Bwana Kanti akasema, "Hata ungelivunja lote, Ambakisye." Alitaka baba abaki na lile gari. Baba alikataa. Alisema hawezi tena kukaa kwenye kile kiti. Likachukuliwa na mtu mwingine, likaenda upande wa Tunduma, na baba akatafuta kazi ya kuendesha trekta la watu huko Usangu, anarudi nyumbani Jumamosi.

Tulifika Ilomba siku ya Alhamisi. Nilikuwa na siku mbili za kutafuta maneno. Jumamosi jioni baba alikuja amebeba viatu mkononi, matope ya mpunga mpaka magotini, akanikuta nimekaa kwenye benchi nyuma ya nyumba. Nilimwamkia. Alisimama mbali kidogo, kwa namna aliyojifunza kusimama nami, akaniuliza safari.

Yale maneno niliyoyatafuta yakapotea. Nikasema tu, "Baba, mimi nilidhani ulikuwa unaifunga."

Hakuuliza nini. Aliweka viatu chini, akaja akakaa upande wa pili wa benchi, akawa anabandua matope kwenye ngozi ya mguu kwa kucha.

"Mbuyuni, kabla hatujaondoka," alisema, "niliitazama. Nilikuwa na funguo mkononi. Nilijua mlima unakuja. Kuitoa pale, mafundo yakiwa bado hayajakaza, ni dakika mbili. Nikasema moyoni, Kitonga kuna kokoto nyingi, acha nimrudishie mtu gari yake ikiwa nzima." Alibandua tope jingine. "Kule chini ya mlima ilinichukua muda mrefu. Wewe ulikuwa nyuma. Ilikuwa muda gani?"

Nilikuwa na miaka kumi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeihesabu ile saa kwa miaka miwili, nikiirefusha kila nilipoikumbuka. Nilitazama mikono yake, nikamwambia, "Haikuwa muda mrefu, baba. Ilikuwa kidogo tu."

Alitikisa kichwa kukubali, ingawa sijui kama aliniamini. Akaniomba nisimwambie mama kuhusu Mbuyuni. Nikasema sitamwambia, na sikumwambia. Mama ameishi mpaka uzeeni akimsifu kwa watu jinsi alivyoikata ile aproni, na kila alipofika hapo kwenye hadithi baba alikuwa anainuka na kutoka nje kidogo, na mimi nilikuwa namfuata.

Jioni ile mama alituita kula. Hatukuinuka mara moja. Baba alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi kati yetu iwe ndogo, nami nikaimaliza.